Mchikichi na mwenye ardhi

Ukitoka Kigoma mjini kuelekea Kasulu, shamba la kukodi unaweza kulitambua bila kuuliza. Lina mahindi, lina maharage. Mchikichi mchanga huoni. Mchikichi, mti wa mawese, husubiriwa miaka 3 au 4 ndipo uanze kuzaa, kisha huzaa zaidi ya miaka 20. Mwenye shamba hakubali aliyekodi apande mti wa kudumu, maana kesho mti huo utakuwa ushahidi wa kudai ardhi.

Wapo wanaosema dawa ni umiliki kamili: ardhi iwe mali ya mtu, pasiwe na bwana juu yake. Sheria za ardhi za 1999 zinasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Wao huona hapo kivuli cha ukabaila, kama Uingereza baada ya 1066, ardhi yote ilipohesabiwa kuwa ya mfalme na wengine wakaishikilia kwa utumishi. Hoja hii siidharau. Hati ya mjini ina ukomo wa miaka 33, 66 au 99, ina kodi ya pango kila mwaka, na ukikiuka masharti inaweza kufutwa. Na mtu aliyethaminiwa shamba lake ili serikali ilichukue, akakaa akisubiri fidia, hawezi kuona tofauti ya mdhamini na mtawala.

Lakini turudi kwa aliyekodi. Anayemzuia kupanda ni jirani yake, wala si serikali. Umiliki kamili ungempa jirani huyo nguvu zaidi. Bukoba waliyaona hayo kwenye nyarubanja, mfumo wao wa zamani wa ardhi: wakulima walilima ardhi waliyoishi, wakawalipa mabwana, hadi sheria ya 1965 ilipoanza kuwafungua. Bwana alikuwa mtu binafsi.

Tena kijijini hakimiliki ya kimila, yaani haki ya ardhi kwa desturi ya mahali, inaweza kutokuwa na ukomo, na kisheria ina hadhi sawa na ile ya mjini. Mwenye shamba tayari amekingwa, walau kwenye karatasi. Asiyekingwa ni anayelima cha mwenzake kwa makubaliano ya mdomo, msimu hadi msimu. Huyo anahitaji mkataba wa maandishi wa miaka 20 au zaidi, halmashauri ya kijiji ikishuhudia, unaotamka kwamba michikichi ni ya aliyeipanda, na kwamba akiondolewa kabla ya muda atalipwa mti kwa mti.