George Bush wa Tumwater: mkulima aliyetungiwa sheria ya peke yake

Simulizi za wakulima waanzilishi wa magharibi ya Marekani zinafanana sana. Familia inafunga safari ya miezi kwa magari ya maksai, inavuka milima, inafyeka, inapanda ngano, na wajukuu wanarithi hati ya ardhi wanayoionea fahari. Simulizi hizo si za uongo, ila mara nyingi hazisemi hati ile ilipatikana kwa sheria gani, sheria hiyo ilimkubali nani na ilimkataa nani, wala kabla ya hapo ardhi ilikuwa mikononi mwa nani. Kwa sababu hiyo ninaamini kwamba anayetaka kuuelewa ulowezi wa Marekani aanze na George Bush, mkulima mwenye asili ya Kiafrika aliyefika kusini mwa ghuba ya Puget Sound, katika jimbo la leo la Washington, mwaka 1845, na ambaye hakuwa na uhusiano wowote na marais wawili wenye jina kama lake. Katika maisha ya familia yake maswali yote hayo yamo, na majibu yake yamo katika kumbukumbu za serikali.

Bush alizaliwa Pennsylvania mwishoni mwa karne ya 18, baba akiwa mtu wa asili ya Kiafrika na mama Mwairishi. Alihamia Missouri, na huko mwaka 1831 akamwoa Isabella James, mwanamke mzungu mwenye asili ya Kijerumani. Walijaliwa watoto watano wa kiume kabla ya kuhama, wa kwanza akiwa William Owen, aliyezaliwa mwaka 1832. Missouri ilikuwa jimbo la utumwa. Bush mwenyewe alikuwa huru na mwenye mali ya kutosha, lakini katika jimbo la namna hiyo uhuru wa mtu mweusi ulikuwa wa mashaka kila siku, na mali haikumkinga na sheria wala na majirani wabaya.

Mwaka 1844 familia iliondoka kuelekea Oregon pamoja na kundi la wahamiaji, akiwemo rafiki yao Michael T. Simmons. Wenzake walisimulia baadaye kwamba Bush alitumia fedha zake kuwasaidia wengine wasio na uwezo wapate vifaa vya safari. John Minto, aliyekuwa mmoja wa wahamiaji wa mwaka huo, aliandika kwamba njiani Bush alimweleza mpango wake waziwazi: atatazama jinsi watu weusi wanavyotendewa Oregon, na asipopewa haki za mtu huru ataondoka na kutafuta hifadhi kwenye ardhi iliyokuwa chini ya Meksiko. Maneno hayo yananigusa kuliko sehemu nyingine yoyote ya safari ile. Wenzake walikuwa wakiwaza mito, njaa na magurudumu yaliyovunjika, na yeye, juu ya hayo yote, alilazimika kuwaza iwapo angeruhusiwa kuishi mahali anakokwenda.

Wasiwasi wake ulikuwa na msingi. Mwaka huo huo wa 1844 serikali ya muda ya walowezi wa Oregon ilipitisha sheria iliyopiga marufuku utumwa na papo hapo ikawataka watu weusi wote waondoke, wanaume ndani ya miaka miwili na wanawake ndani ya miaka mitatu. Atakayebaki angechapwa viboko visivyopungua 20 wala kuzidi 39, na adhabu ingerudiwa kila baada ya miezi sita mpaka aondoke. Kabla ya mwaka kwisha viboko vilibadilishwa kuwa kazi ya kulazimishwa, na mwaka 1845 sheria yenyewe ikafutwa kabla haijamwadhibu mtu, lakini ujumbe ulikuwa umekwisha kufika.

Kundi la Bush na Simmons halikukaa katika bonde la Willamette, walikokimbilia walowezi wengi. Walielekea kaskazini ya mto Columbia, ambako Uingereza nayo ilikuwa ikidai umiliki, kampuni ya Kiingereza ya Hudson's Bay ndiyo iliyokuwa na nguvu, na mkono wa serikali ya walowezi haukufika kwa urahisi. Mwaka 1845 walifika kwenye maporomoko ya mto Deschutes, wakaanzisha makazi waliyoyaita New Market, ambayo leo ni mji wa Tumwater. Uwanda aliolima Bush ungali unaitwa Bush Prairie. Mkataba wa mwaka 1846 ulipoweka mpaka kwenye nyuzi 49 za latitudo, eneo hilo likawa la Marekani. Wapo wanaodai kwamba ni uamuzi wa Bush wa kwenda kaskazini ulioipatia Marekani jimbo la Washington. Naiona hoja hiyo imetiwa chumvi, kwa sababu mpaka uliamuliwa na serikali mbili kubwa kwa sababu zao, na familia chache zisingeweza kuzibadilisha. Lililo la hakika ni kwamba mpaka huo mpya ulimletea Bush sheria za nchi aliyokuwa ameikwepa.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya dhiki. Walowezi walipata nafaka na mahitaji mengine kwa mkopo kutoka ngome ya Nisqually, iliyokuwa ya kampuni ya Hudson's Bay, na kwa chakula kingine waliwategemea Wanisqually, wenyeji wa nchi ile, waliowaonyesha mahali pa kupata chaza, kome na samaki. Familia ya Bush iliishi karibu sana na wenyeji hao. Mtoto wao wa sita, wa kwanza kuzaliwa katika nchi ile, mwaka 1847, walimpa jina la Lewis Nisqually Bush. Magonjwa yaliyokuja na wageni yalipowashambulia wenyeji, George na Isabella walikuwa miongoni mwa waliowauguza. Ninamtaja Isabella kwa makusudi, maana katika maandishi mengi anapita kama kivuli cha mumewe, ilhali shamba lenye watoto sita wa kiume na mlango uliokuwa wazi kwa kila mhamiaji mwenye njaa lisingeweza kwenda bila kazi yake ya kila siku.

Mlango huo ulipata sifa kubwa mwaka 1852. Wahamiaji walikuwa wengi, nafaka ilikuwa haba, na wafanyabiashara walimwendea Bush wakitaka kununua mavuno yake yote kwa bei ya juu. Alikataa. Nafaka yake aliwagawia majirani na wageni kwa ajili ya chakula na mbegu, na wasiokuwa na fedha waliichukua kwa ahadi ya kulipa watakapoweza. Ezra Meeker, mlowezi aliyeandika mengi kuhusu enzi hizo, ni mmoja wa waliohifadhi kumbukumbu hiyo, na ndiyo inayosimuliwa zaidi ya zote kila Bush anapotajwa.

Ninaiheshimu kumbukumbu hiyo kwa moyo wote, lakini matumizi yake yananipa shida, na sababu ni sheria ya ardhi. Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwagawia ardhi walowezi wa Oregon, ambayo wakati huo ilijumuisha Washington ya leo. Waliowahi kufika walipewa ekari 320 kila mwanamume, na mke wake nyingine 320 kwa jina lake, sharti wawe wameishi hapo na kulima kwa miaka minne. Sheria iliwataja wanaostahili: raia weupe, pamoja na machotara wa wazungu na wenyeji. Mtu mweusi hakuwamo. Kwa hiyo Bush, aliyekuwa amelima uwanda ule miaka mitano kabla ya sheria kutungwa, hakuwa na haki juu ya shamba ambalo mgeni aliyelishwa nalo angeweza kulidai.

Majirani zake waliingilia kati. Mwaka 1854 Baraza la Kutunga Sheria la eneo jipya la Washington lilipeleka ombi kwa Bunge la Marekani, likieleza wema wa Bush na msaada wake kwa wahamiaji, na mwaka 1855 Bunge likapitisha sheria maalumu iliyompa yeye na Isabella ekari 640. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa ujirani mwema. Ujirani ulikuwepo kweli, na Simmons alisimama na rafiki yake mpaka mwisho. Hata hivyo, mkulima mzungu hakuulizwa iwapo ni mkarimu. Angeweza kuwa bahili, mlevi au mgomvi, na bado ekari zake zilikuwa halali mradi amelima. Bush alitakiwa awe amewalisha watu kwanza, ndipo wamwombee kitu ambacho wao walipewa kwa kufika tu. Tena sheria ya 1850 yenyewe haikuguswa. Bunge lilimwondolea kizuizi mtu mmoja, likakiacha kwa wengine wote wa rangi yake, na Bush mwenyewe alifariki mwaka 1863 bila kupewa haki ya kupiga kura.

Mwenziwe mmoja alipita njia nyingine. George Washington, mtu mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1817 na kulelewa na familia ya wazungu ya Cochran, alilima kusini kidogo ya Tumwater, na kwa kuwa sheria ilimkataa, walezi wake waliidai ardhi ile kwa jina lao kisha wakamhamishia baadaye. Mwaka 1875 alipima viwanja katika shamba hilo akaanzisha mji ambao leo ni Centralia. Naye pia alihitaji jina la mzungu lisimame mbele ya jina lake.

Sehemu ngumu zaidi ya historia hii ni ile isiyomhusu Bush peke yake. Desemba 26, 1854, gavana Isaac Stevens alisaini mkataba wa Medicine Creek na Wanisqually, Wapuyallup na jamii nyingine za kusini mwa ghuba. Kwa mkataba huo wenyeji waliachia nchi yao karibu yote, na hifadhi waliyotengewa Wanisqually ilikuwa na ekari 1,280. Taifa zima, lenye wazee, wavuvi na wafugaji wa farasi, lilibakiziwa ardhi iliyo mara mbili tu ya shamba la familia ya Bush. Kiongozi wao Leschi alipinga masharti hayo, vita ikazuka mwaka 1855, naye akanyongwa Februari 1858 kwa tuhuma ya mauaji ambayo mahakama ya kihistoria iliyoketi mwaka 2004 ilimsafisha nayo. Baada ya vita hifadhi iliongezwa na kusogezwa hadi mtoni, lakini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza zaidi ya ekari 3,300 za hifadhi hiyo zilitwaliwa kwa ajili ya kambi ya jeshi, na mpaka leo zimo ndani ya kambi ya Lewis-McChord.

Simsemi Bush kwa hilo kana kwamba yeye ndiye aliyeandika mkataba. Aliishi na Wanisqually kwa heshima kuliko walowezi wengi, na mtoto wake alibeba jina lao. Lakini ekari zake 640 zilitoka katika nchi ile ile iliyoachiwa Medicine Creek, na Bunge lililompa haki yeye ndilo lililoidhinisha wao wanyang'anywe, na yote mawili yalifanyika mwaka 1855. Mtu anaweza kuwa amedhulumiwa na sheria na papo hapo akafaidika na dhuluma ya sheria hiyo hiyo kwa jirani yake. Nadhani wasomaji wanaweza kuyabeba mambo yote mawili bila kumpunguzia Bush hata chembe ya utu wake.

Wanawe waliendelea kulima. William Owen alipeleka ngano ya Bush Prairie kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka 1876 na kutunukiwa, na mwaka 1889, Washington ilipofanywa jimbo, alichaguliwa kuwa mbunge katika bunge lake la kwanza. Huko alisimamia muswada wa kuanzisha chuo cha kilimo, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kilichoko Pullman. Baba alikuwa amekatazwa hata kupiga kura, na mtoto akakaa kwenye kiti cha kutunga sheria. Chuo hicho nacho kilitengewa na serikali ya Marekani ekari 90,000 ili kijiendeshe kwa mapato yake, ekari zilizotoka kwenye nchi za wenyeji kwa mikataba ya aina ya Medicine Creek.

Wasemaji wa Kiswahili si wachache katika miji ya Seattle, Tacoma na vitongoji vyake, na wengi wao hupita Tumwater wakielekea Portland, pengine bila kujua kwamba uwanja wa ndege wa Olympia upo juu ya uwanda aliolima mtu huyu. Mwaka 2021 jimbo lilimjengea mnara katika viwanja vya bunge huko Olympia, na ni jambo jema. Kwa wazazi wenye watoto katika shule za huko nina ombi moja: somo la historia ya jimbo linapofika kwa Bush, mwombeni mwalimu aiweke ile sheria maalumu ya 1855 na mkataba wa Medicine Creek mezani siku moja, kwa kuwa zote mbili ni nyaraka za umma, si ndefu, na mtoto wa darasa la saba anaweza kuzisoma na kuzilinganisha mwenyewe.