Fumbo kwenye intavyuu: lawama tumempa asiyehusika

Kila mada ya intavyuu za IT ikiibuka, haichukui muda mtu anamleta Laszlo Bock. Mwaka 2013 jamaa alikuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi pale Google, akawaambia New York Times kwamba yale maswali ya ndege inajaa mipira ya gofu mingapi, au Manhattan ina sheli ngapi, ni kupoteza muda tu, hayatabiri chochote, na kazi yake kubwa ni kumfanya anayeuliza ajione ana akili. Basi, kesi imefungwa hapo. Mafumbo ni ushamba wa miaka ya tisini, enzi Microsoft wanauliza kwanini mfuniko wa chemba ni wa duara.

Mimi naona kesi ilifungwa mapema mno. Kwenye mahojiano yale yale Bock alisema kitu kingine ambacho sijui kwanini hakinukuliwi: kwamba walichukua intavyuu makumi elfu, wakalinganisha maksi ambazo kila msaili alitoa na jinsi mtu alivyokuja kufanya kazi baadaye, wakakuta hakuna uhusiano. Sifuri. Yaani hapo hazungumzii mafumbo peke yake, anazungumzia intavyuu nzima jinsi ilivyokuwa inaendeshwa. Sasa kama unatupa mafumbo kwa maneno ya Bock, inabidi utupe na "tueleze kwa kifupi wewe ni nani" na "unajiona wapi baada ya miaka mitano", na hayo nayaona yapo palepale kila ofisi, hakuna aliyeyagusa.

Kwa haki yake, Bock alisema pia kwamba usaili uliopangwa ndio unaosaidia, ule wa kila mtu kuulizwa maswali yale yale na maksi kuwa na vigezo vilivyowekwa kabla. Na utafiti unamuunga mkono. Mtafiti Paul Sackett na wenzake mwaka 2022 walipitia upya hesabu za miaka mingi za jinsi kila njia ya kuchuja watu inavyotabiri utendaji kazini, kwenye kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kutabiri bila kukosea, usaili uliopangwa ukapata 0.42, ule wa kupiga stori 0.19, na vipimo vya akili ambavyo mwaka 1998 vilikuwa vinapewa 0.51 vikashuka mpaka 0.31. Kwahiyo anayesema "fumbo linapima akili na akili ndio kila kitu" ameshapitwa na wakati, hilo nakubali kabisa. Ila angalia vizuri: kinachoshinda pale ni mpangilio, na fumbo nalo unaweza kulipanga.

Wanaopinga wana hoja na sitaki kujifanya sizioni. Swali la chemba ni sawa na kutegewa "nyumba yangu haina mlango", kama ulishawahi kusikia ni yai unajibu, kama hujasikia unatoa mji na hakuna cha kufikiri hapo katikati. Swali la hivyo kwenye usaili life tu, silitetei. Halafu kuna utafiti wa 2018, Scott Highhouse na wenzake, waliona kwamba watu wanaopenda kuwauliza wenzao maswali ya aina hii wana dalili zaidi za kujisikia na kufurahia kumtesa mtu. Hiyo ilinichekesha kwanza, baadaye nikaona ni kweli tupu, wote tumekutana na yule msaili anayeegemea kiti, mikono nyuma ya kichwa, anatabasamu huku wewe unatoa jasho. Lakini hapo anayesemwa ni muulizaji.

Nije kwenye kitu ambacho kwangu ndio kiini. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha North Carolina State wakishirikiana na Microsoft walichukua wanafunzi 48 wa kompyuta, wakawapa wote swali moja la kiufundi la kutatua ubaoni. Kundi moja lilifanya mbele ya msaili anayewaangalia huku wanaeleza kila wanachowaza, kundi lingine wakaachwa peke yao chumbani. Waliotazamwa walifanya vibaya, kiwango chao kilikuwa chini ya nusu ya wenzao. Na upande wa wanawake ndio balaa zaidi: waliotazamwa wote walikosa, walioachwa peke yao wote walipata.

Hebu kaa na hiyo kwanza. Swali ni lile lile, ubao ule ule. Watu 48 sio wengi, na watafiti wenyewe walisema kwamba kwa upande wa wanawake inahitajika sampuli kubwa zaidi, sawa. Ila matokeo haya huwa yanatajwa kama ushahidi kwamba maswali ya ubaoni ni mabovu, na mimi nikiyasoma naona karibu kinyume chake. Kama swali lingekuwa bovu lingekuwa bovu na kule chumbani pia, lakini kule watu walilitatua vizuri tu, akina dada wote walilitatua! Kilichobadilika ni jicho la mtu mgongoni na amri ya "ongea huku unafikiri". Sasa nani kati yetu anaandika programu bosi akiwa amesimama nyuma anahema? Tumelifukuza fumbo, lile jicho tukaliacha limekaa kwenye kiti chake, na siku hizi linakuangalia kupitia kamera huku unaandika kwenye ukurasa mnaouona wote wawili.

Na jicho hilo lilikuwepo tangu mwanzo. William Shockley, yule wa Nobel ya fizikia ya 1956, kwenye maabara yake ya vifaa vya elektroniki kule Mountain View, California, alikuwa anawapa waombaji kazi mafumbo huku anapima muda kwa saa. Moja linalosimuliwa sana ni la tenisi: wachezaji 127, mashindano ya mtoano, zitachezwa mechi ngapi mpaka apatikane bingwa? Ukianza kugawa raundi kwa raundi utafika, ila kwa taabu. Ukitulia unaona kila mechi inamtoa mtu mmoja, wanatakiwa kutoka 126, basi mechi ni 126. Hilo ni fumbo zuri, halihitaji uwe umewahi kulisikia, na kugeuza swali upande wa pili namna hiyo ndio kazi ya developa kila wiki. Shockley alishindwa kuishi na watu aliowachagua, wanane walimkimbia mwaka 1957 wakaanzisha kampuni ya chipu ya Fairchild, na wawili kati yao, Noyce na Moore, mwaka 1968 wakaanzisha Intel. Sisemi mafumbo ndio yaliyowapata. Nasema tu tatizo la pale halikuwa tenisi.

Halafu kuna upande ambao wenzetu wa Marekani wakiandika hawauweki, kwasababu kwao hauumi sana. Ukiondoa fumbo unaweka nini? Jibu la kwenye makaratasi ni "jaribio la kazi halisi", na hilo ni zuri mno, Sekretarieti ya Ajira huku Tanzania kada za kiufundi zinafanyishwa usaili wa vitendo baada ya mchujo wa kuandika na kabla ya mahojiano, na mimi nauunga mkono. Ila kwenye kampuni ndogo za watu binafsi jibu la mtaani mara nyingi ni kimemo. Ni mtoto wa nani, kasoma wapi, nani kamtuma. Fumbo halijui baba yako. Kijana aliyejifunzia koding kwenye simu kwa bando la usiku, sivii yake haina chuo kinachotajika, akipewa la wachezaji 127 ana nafasi sawa na yule aliyerudi juzi kutoka Manchester. Nafasi hiyo ni finyu, lakini wanaosema tuifunge waniambie wamefungua ipi.

Wengine watasema si kuna LeetCode, ile tovuti ya kufanyia mazoezi maswali ya koding ya intavyuu. Jamani, LeetCode ni mafumbo yale yale yamevaa suti. Mwaka 2015 Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu ya kusakinishia programu nyingine kwenye Mac, aliandika kwamba Google walimkataa kwa kushindwa kugeuza mti wa bainari (data iliyopangwa kwa matawi mawili mawili) ubaoni wakati asilimia 90 ya mainjinia wao wanatumia kitu alichokitengeneza yeye. Fumbo la zamani angalau lilikuwa halina tuition. Hili jipya unalikariri miezi kadhaa, na anayepata hiyo miezi ni yule ambaye kodi ya nyumba inalipwa na mtu mwingine.

Maswali ya kukadiria ndio yanadharauliwa kuliko yote, na hapo ndipo nawashangaa watu. Achana na mipira ya gofu. Muulize mtu hivi: mfumo wa kulipia ada una wazazi 40,000, shule zinafunguliwa Jumatatu, utahitaji seva ya ukubwa gani? Anaanza: tuseme nusu wanalipa siku hiyo, na wote wanabanana kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Watu 20,000 kwa sekunde 7,200, karibu watatu kila sekunde. Kila mmoja anafungua kurasa kama tano, 15 kwa sekunde, zidisha mara tatu kwa muda wa msongamano mkubwa, 45. Kumbe seva ndogo tu inatosha. Mtu wa kawaida anaishia hapo. Aliyewahi kuunguzwa anaendelea, anasema subiri, mzazi akilipa kwa simu anachukua nusu dakika kutafuta miwani na kuweka namba ya siri, kwahiyo malipo yanayosubiri kwa wakati mmoja ni 3 mara 30, tisini, na kwenye msongamano 270, je mfumo unaweza kushika yote hayo wazi bila kukata? Hesabu yote ya darasa la sita, ila umeshamjua mtu kuliko sivii ya kurasa nne.

Sasa hivi kuna akili bandia inayojibu haya maswali ya mtandaoni kabla hujamaliza kuyasoma, kwahiyo kampuni kadhaa zinarudisha usaili wa ana kwa ana, na wa ana kwa ana maana yake ni ubao, msaili na jicho. Wakirudi nalo vilevile tutapata tena ile nusu ya 2020, na tutasema tena mafumbo hayafai. Dawa yake haina gharama kubwa: mpe mtu swali kwenye karatasi, chukua simu yake, muonyeshe maji yalipo, toka nje ufunge mlango, rudi baada ya dakika 30 akueleze alichofanya.