Gemu Zilizoachwa Njiani na Hesabu Inayowasingizia Wachezaji

Juni 2024 watengenezaji FromSoftware walipotoa Shadow of the Erdtree, nyongeza ya gemu yao Elden Ring, waliiweka nyuma ya mlango wenye makufuli mawili: mchezaji lazima awe amewaua maadui wakubwa (mabosi) wawili, Radahn na Mohg, ndipo aruhusiwe kuingia. Takwimu za Steam, duka la gemu za kompyuta, zikaanza kuzungushwa mitandaoni. Wenye kombe (alama ya mtandaoni inayothibitisha umefanya jambo fulani ndani ya gemu) la kumshinda Mohg walikuwa chini ya asilimia 40. Hukumu ikatoka papo hapo: watu wananunua gemu wasizozimaliza, na wanaojiita wachezaji wa Elden Ring wengi wao ni waonjaji tu.

Hukumu hiyo ina kasoro moja kubwa. Mohg si bosi wa njiani. Unaweza kuimaliza Elden Ring na kutazama majina ya watengenezaji yakipita mwishoni bila kujua kwamba yupo. Njia za kumfikia ni mbili. Moja ni kumfuata Varré, yule wa barakoa nyeupe anayekupokea mwanzoni kabisa, ukamfanyia kazi zake za damu hadi akupe medali. Nyingine ni kutafuta nusu mbili za medali ya siri ya Haligtree, moja ikiwa kwenye kijiji cha Albinaurics na ya pili Castle Sol juu milimani, kisha upande lifti kubwa ya Rold kwa medali hiyo badala ya ile ya kawaida, uvuke uwanda wa theluji usioona mbele, ndipo ukute lango lililofichwa upande wa magharibi. Bosi wa hiari, aliyefichwa kiasi hicho, ameshindwa na watu wanaokaribia wanne katika kila kumi. Namba ile ile waliyoichukua kuwa aibu ni ushahidi wa ung'ang'anizi wa ajabu.

Huo ni mfano mmoja, ila ugonjwa wenyewe umeenea. Tangu Xbox 360 ilipoanzisha makombe ya namna hii mwaka 2005, kisha Steam na PlayStation wakafuata, asilimia ya waliofika mwisho imekuwa fimbo. Wachezaji wakongwe huitumia kuwapiga wanaoacha. Kampuni huitumia kujitetea. Waandishi huichukua kama ilivyo. Wachache huuliza ni asilimia ya nani.

Kwa kawaida kigawanyo ni kila aliyewahi kuifungua gemu, hata mara moja. Yumo aliyeifungua dakika tano kupima kama kompyuta yake inaiweza. Yumo aliyeipata bure ndani ya usajili wa mwezi. Yumo aliyeimaliza kwenye PS4 zamani kisha akainunua tena Steam kwa bei ya punguzo akaitazama kidogo. Yumo hata aliyefika mwisho bila kombe: Skyrim Special Edition huzima makombe ukiweka modi, yaani marekebisho yaliyotengenezwa na mashabiki, na idadi ya wanaoicheza Skyrim bila modi hata moja kwenye kompyuta si ya kujivunia. Wote hao wanahesabiwa kama "hawajamaliza".

Ukitaka kuisoma namba hiyo kwa haki, fungua orodha nzima ya makombe ya hadithi uyapange kama ngazi. Tafuta kombe la kwanza kabisa, lile linalopatikana kwa kumaliza sehemu ya utangulizi, ulifanye hilo ndilo kigawanyo. Tuseme kati ya watu 100 walioifungua gemu, 75 wana kombe la utangulizi na 30 wana la mwisho. Waliomaliza si asilimia 30. Ni 30 katika 75, yaani asilimia 40. Wale 25 hawakuiacha gemu, hawakuwahi kuianza. Halafu shuka ngazi moja moja uone pengo kubwa liko wapi. Mara nyingi sana haliko kwa bosi mgumu. Liko mapema, katika saa za mwanzo, na hiyo inabadilisha kabisa mazungumzo, kwa sababu anayeondoka saa ya tatu hajashindwa na chochote. Ameonyeshwa kitu, akakitazama, akasema hapana.

Red Dead Redemption 2 (2018) inafungua hadithi yake Colter, kwenye theluji, na sura yote ya kwanza unaongozwa kwa mkono: panda farasi, mfuate fulani, sikiliza, rudi kambini. Ule ulimwengu mpana uliotangazwa haufunguki mpaka sura ya pili. Kisanaa uamuzi huo una mantiki, maana genge limekimbia, limechoka, linazika watu wake. Lakini mwenye saa moja kwa usiku anatumia siku mbili tatu kuburuza miguu kwenye barafu kabla ya kuonja gemu aliyoilipia. Akiondoka hapo, tatizo si subira yake peke yake.

The Witcher 3 (2015) ina mtego wa aina nyingine, na huu huwakamata walio makini. Kila kazi ina kiwango kinachopendekezwa. Ukiizidi kwa viwango sita au zaidi, inageuka kijivu na haikupi tena pointi za uzoefu za maana. Sasa mchezaji mwenye bidii anafika eneo la Velen, anaona ramani imejaa alama za kuuliza, anaamua kusafisha kila kitu kabla ya kurudi kwenye hadithi kuu ya kumtafuta Ciri. Viwango vinapanda, maadui wanakuwa laini, kazi kuu inageuka kijivu. Akifika visiwa vya Skellige anakuta bahari nzima imetapakaa alama, nyingi zikiwa masanduku ya magendo: shusha mashua, zamia, ua viumbe wakorofi wenye mabawa, chukua kutu, endelea na jingine. Huyu anaiacha gemu akiwa na saa 70, akijilaumu kwamba hana nidhamu. Ukweli ni kwamba nidhamu ndiyo iliyomponza. Angezipuuza zile alama za baharini angemaliza.

Watengenezaji wenyewe hawakubaliani kuhusu kinachoitwa kumaliza. Breath of the Wild (2017) inakuruhusu kwenda kupigana na Ganon, bosi wa mwisho, mara tu unaposhuka kutoka nyanda ya mwanzo. Imeficha mbegu 900 za Korok, lakini 441 zinatosha kupanua mifuko yako yote hadi mwisho. Anayezikusanya zote 900 anapewa zawadi yenye umbo la kinyesi cha dhahabu. Sijui dhihaka iliyo wazi kuliko hiyo. Techland wao walikwenda kinyume: Januari 2022 walijigamba kwamba kuimaliza Dying Light 2 kikamilifu kunahitaji angalau saa 500, karibu sawa na kutembea kwa miguu kutoka Warsaw hadi Madrid. Walitegemea makofi. Walichopata ni malalamiko, na kufumba na kufumbua wakawa wanafafanua kwamba hadithi kuu ni kama saa 20. Mwaka uliofuata Ubisoft wakatoa Assassin's Creed Mirage, fupi kwa makusudi, ikisimulia Baghdad kwa saa 15 hadi 20, baada ya Valhalla iliyohitaji kama saa 60 kwa hadithi kuu pekee. Inaonekana ujumbe wa walioondoka ulifika mahali.

Upande wa pili una hoja nzito, nao hauhusu ushujaa wa kupigana na Malenia, bosi mgumu wa Elden Ring, mara ya hamsini. Kuna gemu ambazo ukiziacha katikati hujaona nusu, umeona kitu kingine kabisa. NieR: Automata (2017) inaonyesha majina ya watengenezaji mara ya kwanza, na wengi huweka pedi chini wakiamini wamemaliza. Hapo wamefika mwisho A tu. Njia ya B inarudia matukio mengi kwa macho ya mhusika mwingine, 9S, na kwa kweli inachosha katikati. Baada yake inaanza njia ya C, hadithi mpya kabisa, na ndipo kazi ya mwongozaji wake, Yoko Taro, inapoeleweka. Mwisho E unafikia hatua ya kukuuliza kama uko tayari kufuta seivu yako yote ili kumsaidia mchezaji usiyemjua. Swali hilo halina uzito wowote kwa mtu ambaye hajazitolea jasho saa zake.

Persona 5 Royal ni kali zaidi, kwa kuwa unaweza kuikosa sehemu bora ya mwisho huku ukiamini umemaliza. Muhula wa tatu haufunguki usipofikisha urafiki wako na wahusika watatu madaraja haya: Maruki daraja la 9 kabla ya tarehe 18 Novemba kupita, Akechi daraja la 8 kufikia tarehe 24 Novemba, na Kasumi daraja la 5 kufikia tarehe 18 Desemba. Maruki ndiye anayesahaulika, maana anaonekana kama mshauri wa shule tu. Mtu anamaliza saa 90, anafunga, hajui kulikuwa na jumba jingine zima la kupambana. Anayetetea kumaliza ana haki ya kusema: angalieni mnachokiacha.

Tena wana hoja ya kiuchumi ambayo watetezi wa kuacha huikwepa. Studio ikijua kwamba wengi hawafiki theluthi ya mwisho, pesa na muda wa kung'arisha huelekezwa mwanzoni. Mwisho unatoka mbichi, waliofika wanauponda, wengine wanasikia na kuishia njiani. Baldur's Gate 3 ilipotoka Agosti 2023, sura ya tatu ndani ya jiji ndiyo iliyolalamikiwa kwa mwendo mzito na hitilafu, wakati sura ya kwanza ilikuwa imepikwa kwa miaka mbele ya wachezaji wa toleo la awali. Hoja hii ni ya kweli. Ila ukiitazama vizuri, inamwelekea mtengenezaji kuliko mchezaji: mchezaji hawezi kudaiwa saa 40 za ziada ili bajeti ya mtu mwingine ipangwe vizuri.

Kuna kuacha kwingine ambako wala si uamuzi, ni kukwama. Hapa Afrika Mashariki mfano unaojulikana kila mtaa ni GTA: San Andreas. Waulize walioicheza kwenye PS2 na wengi watataja misheni zile zile. Ya treni, Wrong Side of the Tracks, inashindikana kwa sababu mchezaji anaing'ang'ania treni ubavuni. Ukiwa karibu hivyo, risasi za mwenzako Big Smoke zinagonga bati la behewa kwa pembe, hazifiki kwa wale maadui wanne wa genge la Vagos walioko juu. Jitenge na treni, endesha pikipiki yako sambamba nayo kwa mbali kidogo, mwache afanye kazi yake. Supply Lines, ile ya kindege cha kuchezea cha mhusika Zero, inaua watu mwishoni: umewamaliza wachukuzi wote watano, mafuta yanakatika kabla hujarudi paani. Na jambo la kusikitisha ni kwamba misheni za Zero ni za hiari. Hazifungi hadithi. Watu waliifunga gemu nzima kwa sababu ya kindege ambacho wangeweza kukiruka wakaelekea jangwani. Kizuizi cha kweli kiko mbele zaidi, shule ya urubani: lazima ununue uwanja wa ndege wa Verdant Meadows kwa dola 80,000 na upite masomo yote kumi kwa angalau asilimia 70, la sivyo misheni za kasino za Las Venturas hazifunguki.

Na kwenye kibanda cha PS, ambako unalipa kwa muda, hata hayo yanakuwa nadharia. Bila memori kadi, au ikiwa kila anayekuja anaseivu juu ya ya mwenzake, hakuna atakayefika Las Venturas kwa hadithi. Ndiyo maana vijana walikariri kodi za kuchiti, wakaita ndege ya kivita, wakazunguka ramani nzima. Ukiwapima kwa makombe, wote hao ni sifuri. Wanaijua Los Santos kuliko wengi waliomaliza.

Ugumu wa kurudi nao unachangia. Mtu aliyekaa miezi mitatu bila gemu hasahau hadithi kwanza, anasahau vidole: kitufe cha kukwepa kilikuwa kipi, mafuta ya upanga yanapakwa vipi. Anafungua seivu, ipo katikati ya pambano, anakufa mara nne, anafunga. Dawa yake ni ya kiufundi. Tengeneza seivu ya pili kabla ya kugusa chochote. Ondoka mahali ulipo, nenda eneo la viwango vya chini, pigana na vidagaa kwa nusu saa hadi mikono ikumbuke. Shusha ugumu, The Witcher 3 inakuruhusu kuubadilisha wakati wowote, na inakusimulia ulipoishia kila inapofunguka. Kisha shika kazi kuu moja tu, achana na orodha iliyobaki. Usianze upya, hasa kwenye Baldur's Gate 3, ambako kuna watu wenye saa 200 ambao hawajawahi kutoka sura ya kwanza kwa sababu kila wakirudi wanaunda mhusika mpya.

Wengi wa huku hawarudi kwa sababu nyepesi zaidi: nafasi na bando. Red Dead Redemption 2 na Baldur's Gate 3 kwenye kompyuta kila moja inaomba GB 150. PS5 ya kwanza ilikuja na GB 825, na mfumo wenyewe unakula sehemu yake. Gemu iliyokaa wiki sita inafutwa kupisha mpya, na kuishusha tena ni gharama ambayo mchambuzi mwenye intaneti isiyo na kikomo haioni. Kuifuta gemu kwenye PS4 au PS5 hakufuti seivu, hivyo kwa hilo usiogope. Lakini seivu za gemu za PS5 hazinakiliwi moja moja kwenye flashi kama za PS4. Bila usajili wa PlayStation Plus huwezi kuzihifadhi mtandaoni, na ukiiuza mashine kabla ya kuzihamishia PS5 nyingine zimekwenda. Kwenye kompyuta, angalia kabla ya kufuta kama gemu inatumia hifadhi ya mtandaoni ya Steam. Isipoitumia, tafuta folda ya seivu ndani ya Documents au ndani ya folda ya gemu yenyewe, uinakili pembeni. Huwa ni megabaiti chache tu.