VPN ya Polisi na Kiti Kilichoachwa Wazi

Nilipoomba kazi ya kutunza wazee hapa Marekani, nilitakiwa kwanza kuchukuliwa alama za vidole ili zilinganishwe na kumbukumbu za FBI. Vidole vyangu vilikuwa vimekauka kwa miaka ya kuosha vyombo kwa sabuni kali, na mashine ilivikataa mara tatu, hadi mhudumu akanipaka losheni kidogo na kukikandamiza kidole gumba changu juu ya kioo kama mtu anayepiga mhuri. Tulipomaliza mkono wa kulia simu yake ikaita, akatoka nje, akaniacha mbele ya skrini yenye orodha ya watu walionitangulia asubuhi ile, kwa majina na tarehe za kuzaliwa. Pembeni mwa skrini paliwaka alama ya kufuli dogo la kijani: VPN, yaani njia ya siri ya kupitishia taarifa ndani ya intaneti ya kawaida, ilikuwa imeunganishwa.

Tangu siku hiyo, nikisoma kwamba mfumo fulani wa alama za vidole wa polisi ni salama kwa sababu unatumia VPN, hulikumbuka lile kufuli.

Sisemi kwamba VPN haina kazi. Picha za vidole kumi, zikichukuliwa kwa kiwango cha nukta 500 kwa kila inchi ambacho FBI imekizoea, hufikia takriban megabaiti 10 kabla ya kubanwa, na mzigo huo hutoka katika jela ya kaunti, au ofisi kama ile niliyokwenda, ukapita kwenye hifadhi ya jimbo hadi Clarksburg, West Virginia, ulipo NGI, mfumo wa FBI wa kutunza na kulinganisha alama za vidole, uliokamilika mwaka 2014 na kuchukua nafasi ya mfumo wa zamani wa IAFIS wa mwaka 1999. Bila VPN, kila ofisi ndogo ingehitaji laini yake maalumu ya kukodi. Kwa VPN inatumia intaneti ya kawaida, na kwa kuwa kila kinachopita kimesimbwa, yaani kimefichwa kwa msimbo, anayenyemelea njiani haambulii chochote cha kusomeka. Kanuni za usalama za CJIS, ambayo ni idara ya FBI inayotunza kumbukumbu hizo, zinataka taarifa zisimbwe zikitoka nje ya eneo linalolindwa. Wapo wataalamu wanaosema VPN imepitwa na wakati na ing'olewe. Mimi sioni ofisi ya sherifu yenye maofisa watano na fundi wa kompyuta anayepita mara moja kwa wiki itaweka nini mahali pake.

Ninachokikataa ni kuridhika. VPN hulinda njia, lakini haimjui aliyekalia kiti. Kwake yeye, mwenye nywila sahihi ndiye mwenyewe. Mwezi Mei 2014 wadukuzi waliingia katika mtandao wa OPM, ofisi inayosimamia watumishi wa serikali kuu ya Marekani, kwa kutumia jina na nywila zilizoibwa kutoka kwa kampuni ya mkandarasi. Hawakuhitaji kuvunja usimbaji wowote. Walikuja kugunduliwa Aprili 2015, na serikali, ambayo awali ilitaja alama za vidole za watu milioni 1.1, ilikiri mwezi Septemba kwamba zilizoibwa zilikuwa za watu milioni 5.6. Mwaka 2021 bomba la mafuta la Colonial Pipeline lilisimama baada ya wadukuzi kuingia kwa akaunti ya zamani ya VPN iliyolindwa kwa nywila peke yake.

Kampuni ya mafuta ilibadilisha nywila zake. Wale milioni 5.6 wabadilishe nini?

Ndiyo maana naona CJIS ilichelewa mno kusubiri hadi Oktoba 2024 ndipo ifanye uthibitishaji wa zaidi ya hatua moja, yaani nywila pamoja na uthibitisho mwingine kama msimbo wa simu, kuwa lazima kwa kila anayeingia kwenye taarifa hizi. Hata hivyo hatua ya pili huulizwa wakati wa kuingia tu, na mtu akishaingia kisha akainuka kwenda kupokea simu, kiti hubaki chake kwa jina huku kikikaliwa na yeyote. Mashine ya kuchukulia alama inapaswa kujifunga yenyewe baada ya dakika chache, ioneshe mteja mmoja tu kwa wakati mmoja, na kupitia VPN ifikie seva ya kupokelea alama peke yake. Haina haja ya kuona kingine chochote katika mtandao wa polisi. Haya si mambo ya bajeti kubwa. Ni mipangilio, na mtu wa kuikagua.

Mhudumu alirejea baada ya dakika kama sita, akaniomba radhi, akafuta kioo kwa kitambaa, akaniambia tuendelee na mkono wa kushoto. Skrini haikumwuliza nywila.