Jamani, Sitaki Boda!

Wakimbiaji wenzangu wa Kampala, hebu niambieni: mtu aliyevaa bukta na raba, jasho linamchuruzika hadi visigino, anapanda kilima cha Kololo huku pumzi zimemwisha, huyo anaonekana anatafuta usafiri? Basi mbona kila stendi ya boda ni "Twende, ssebo?" yaani bwana. Nikitikisa kichwa, ananifuata. Anapunguza mwendo, ananitazama kwa huruma, anashusha bei! Ndugu yangu, hata ya bure sipandi. Najiandaa na mbio za kilomita 21 za Novemba, sikimbii wadai.

Na ile njia ya pembeni, si ya waenda kwa miguu? Foleni ikikaza Wandegeya, boda zote zinahamia huko, tena zinakupigia honi wewe! Unaruka mtaro, unatua karibu na sigiri ya mchoma ndizi za gonja, unaomba radhi kwa Kiganda, kwa Kiswahili na kwa lugha za mababu. Mbele kuna teksi inakusubiri ikufukizie moshi mweusi. Eti mazoezi ya mapafu.

Halafu wale wa vibarazani: "Ongeza kasi, Cheptegei!" Cheptegei yupi? Yule Joshua, mwanariadha wetu wa Uganda aliyemaliza mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 mwaka 2020? Yule ni mtoto wa Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mleteni Wandegeya saa 12 jioni, apenye katikati ya boda, tuone saa yake itasoma ngapi!