Raba Mbili, Filta Moja

Kabla hamjanitumia tena ile video ya mimi kubadilisha oili ya gari, nisikilizeni kwanza. Imeshafika kwenye kundi la familia, maana shangazi amenipigia kuuliza kama nyusi zangu zipo. Zipo, shangazi. Injini haikulipuka kama jamaa yangu anavyotangaza. Ilitapika tu.

Halafu video yenyewe ameikata. Ameondoa sehemu yote niliyokuwa na akili.

Kwa sababu kabla ya maafa nilimpa mhadhara. Nilimweleza kwamba filta za oili, yale makopo yanayochuja oili ya injini, zinaweza kulingana rangi, unene na urefu, kumbe nyuzi za ndani za kuikazia kwenye injini haziivani. Kuna za milimita 20 na kuna za robo tatu ya inchi, ambayo ni milimita 19 na kitu kidogo. Ukivalisha ile ya milimita 20 kwenye injini ya inchi, itajifanya imeshika, kisha ikufungukie uko mwendoni. Nikamfikisha mpaka kwenye vali ya ndani inayozuia oili isirudi chini, ili filta iliyolazwa ubavu isiamke tupu na injini ikaanza siku kwa kugonga kavu. "Soma namba kwenye kitabu cha gari," nikamwambia, "filta haichaguliwi kwa sura." Akaitikia kwa heshima. Nikavimba.

Na filta niliyonunua ilikuwa sahihi kabisa! Hilo naomba liandikwe mahali.

Maandalizi nayo hayana dosari: gari juu ya stendi, siyo jeki peke yake, magurudumu yamewekewa vizuizi, injini vuguvugu, oili chafu imeshuka kwenye beseni. Filta ya zamani ilikuwa na kiburi, ikatolewa kwa spana ya mnyororo. Nikachovya kidole kwenye oili safi, nikapaka raba ya filta mpya, ile pete inayoziba oili isivuje, taratibu, huku nikieleza kwamba raba kavu hujikunja wakati wa kukaza.

Jamaa akaiokota ile filta ya zamani, akaigeuzageuza. "Kaka, mbona hii haina raba?"

Hapa msicheke kwanza. Bado hatujafika.

Swali lile lilikuwa la maana kuliko mhadhara wangu wote. Nilichotakiwa kufanya ni kuinua shingo tu, nitazame pale filta inapokaa kwenye injini. Raba ya zamani ilikuwa imeganda palepale, nyeusi juu ya uchafu mweusi, imetulia. Mimi nikamjibu bila hata kugeuka: "Joto hilo. Zikikaa muda mrefu zinaliwa."

Zinaliwa! Na nani?

Nikafunga filta mpya. Ilipogusa nikaongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono, bila spana, kama inavyotakiwa. Ikakaza vizuri mno. Kwa nini isikaze, na raba imekumbatia raba mwenzake?

Nikajaza oili mpya, nikaingia kwenye gari, nikafunga vioo. Jamaa nikamwambia achuchumae kwa mbele arekodi chini, watu wajifunze. Ndiyo, ile video niliiagiza mwenyewe. Alikuwa amevaa shati jeupe, anakwenda kwenye kikao.

Nikawasha. Taa nyekundu yenye picha ya birika ikakaa kidogo, ikazimika. Safi. Nikamwonyesha dole gumba. Injini ikiwa haijapata moto, presha ya oili inaweza kufika bar 4 na zaidi, na raba mbili zilizopandana haziwezi kuizuia. Kwenye video mtaona, ukiipunguza kasi, ile raba ya juu ikichungulia pembeni ya filta kama ulimi wa mtoto mtundu. Inachungulia. Inarudi. Inachungulia tena.

Nikakanyaga mafuta, nisikie injini inavyoimba.

Ulimi ukatoka wote. Oili ikafuata kwa mstari ulionyooka, ikamkuta jamaa kifuani, ikapanda kidevuni. Akaruka, akaanza kupunga mikono juu huku anapiga kelele. Mimi niko ndani, vioo vimefungwa, injini inanguruma. Nikaona mikono inapanda. Nikajua anasema ongeza.

Nikaongeza.

Wenye magari mnajua kilichofuata. Birika likawaka tena, jekundu, na safari hii halikuzimika. Ndipo nikazima injini. Katika ule ukimya nikamsikia vizuri neno alilokuwa anasema, na maneno mengine ambayo shangazi ameyasikia kwenye kundi.

Mengine ni mafupi. Vumbi la mbao lilimwagwa, raba zote mbili zikabanduliwa, uso wa injini ukafutwa mpaka ukang'aa, nikaanza upya na filta nyingine na oili nyingine. Injini ni nzima kwa kuwa ilizimwa mapema. Shati si zima.

Leo asubuhi mzee jirani amemtuma mwanawe aniulize kama nina nafasi ya kumbadilishia oili kwenye gari lake. Mtoto amesimama mlangoni anasubiri jibu, na mimi nasikia kabisa watu wanacheka nyuma ya ukuta.