"Resiliensi" ya Goma: sifa iliyoachwa bila kipimo

Katika maneno yaliyoingia Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, pamoja na magari meupe ya mashirika ya misaada, ni machache yaliyoenea kama "resilience", neno la Kiingereza ambalo wengi wetu hulitamka Kifaransa na ambalo wafasiri wa miradi huliandika "ustahimilivu". Kuna semina za resiliensi, vikundi vya wamama vya resiliensi, hata mbegu za resiliensi. Wako wanaoona kwamba neno hili linaupa mji heshima yake, na wako wanaoona kwamba linautwika mzigo usio wake.

Wanaolitetea wana ushahidi wa kutosha. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkeno ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikafunika takriban asilimia 13 ya eneo lake pamoja na sehemu ya njia ya kurukia ndege, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Wengi wao walirudi ndani ya siku chache, wakajenga nyumba za mbao na mabati juu ya mwamba uliokuwa bado haujapoa. Yako majengo ambayo ghorofa yake ya kwanza ndiyo iliyogeuka kuwa ya chini, kwa sababu ile ya chini ilizikwa. Lava yenyewe ilipasuliwa kwa nyundo, ikawa mawe ya msingi na kokoto za kuuza. Kwa wengi mtaji wa kuanza upya ulitoka kwa ndugu na kwenye likelemba, yaani upatu wa kuchangiana kwa zamu, wala si benki. Kuwaita watu hao waathiriwa na kunyamaza hapo ni kuwanyima nusu ya habari yao, na hili neno "resilience" linaisema vizuri.

Lakini tulirudishe kwanza kwa wenyewe. Asili yake ni Kilatini, kuruka kurudi ulikotoka, na katika karne ya 17 mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon alilitumia akizungumzia mwangwi. Mwaka 1807 mwanasayansi Thomas Young alilitumia kueleza uwezo wa mti au chuma kupokea pigo bila kuvunjika. Tangu hapo wahandisi hawalitaji bila kipimo: kila chuma kina kikomo, na kikizidishiwa mzigo kupita hapo hubaki kimepinda hata mzigo ukiondolewa. Kikomo hicho hakikuja na neno lilipofika kwetu. Sijaona bango la mradi linaloeleza ni mapigo mangapi familia moja ya mitaa kama Majengo au Mugunga inaweza kupokea kabla ya kupinda.

Hapo ndipo hoja ya wapinzani inapopata nguvu, na mfano wake ulio wazi ni mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021. Lava ilisimama Buhene, pembezoni mwa mji, na siku tano baadaye wakazi wa mitaa mingi waliamriwa kuhama, wakaelekea Sake, Rutshuru, Bukavu na ng'ambo ya mpaka. Walisifiwa tena kwa ustahimilivu. Ila kituo cha kuchunguza volkeno kilikuwa kimeishiwa fedha, hata za intaneti ya kupokelea taarifa za mitambo yake, baada ya msaada wa Benki ya Dunia kumalizika mwaka 2020. Anayekimbia lava usiku bila onyo hakukosa moyo wa kuvumilia; alikosa onyo.

Isitoshe, sisi Wakongomani tulikuwa na jina la jambo hili zamani: Ibara ya 15 ya katiba, ile ya utani, inayomwambia raia ajitafutie mwenyewe kwa kuwa serikali haina cha kumpa. Tofauti ni kwamba Ibara ya 15 husemwa kwa kicheko chenye uchungu, na kila msikilizaji anajua nani anashitakiwa. Resiliensi husemwa kwa pongezi, na mshitakiwa hayumo. Hata "ustahimilivu" ni tafsiri ya kweli kuliko ilivyokusudiwa, maana mzizi wake wa Kiarabu ni uleule wa hamali: si kuruka, ni kubeba.

Hata hivyo sioni faida ya kulifukuza neno, kwa sababu likitumiwa kwa uangalifu linafichua mengi. Mwanaikolojia C. S. Holling, alipoliingiza katika fani yake mwaka 1973, alilitumia kwa mfumo unaopokea misukosuko na bado ukabaki na mahusiano yake ya ndani, bila kudai kwamba mfumo huo ni mzuri. Kwa kipimo hicho, miongoni mwa vitu vinavyostahimili sana Kivu ni vizuizi vya barabarani na ushuru usio na risiti, ambavyo vimevuka kila mabadiliko ya utawala. Mradi unaohesabu wamama waliorudi sokoni ungepaswa kuhesabu pia, katika jedwali lilelile, ni kiasi gani kila mmoja wao analipa njiani kufika hapo.